Ndoo ya Bi Kunhibi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga walilisema hilo kumsifu fundi. Mridula Warrier alilisema kumshtaki. Kwake yeye, namba yoyote iliyoelea vizuri mno juu ya karatasi, bila kuyumba, bila kuingiza maji hata tone, ilikuwa imeundwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina na anwani.

Jumatatu ile ya mwisho wa Julai, mvua ikiwa imeufunika mji wa Kochi, kusini mwa India, tangu alfajiri, jina alikuwa nalo tayari. Anwani pia. Jina ni Kunhibi, karani wa vipimo. Anwani ni gati la kisiwa cha Chetlat, safari ya siku nzima kwa meli kutoka bara.

Mridula alikuwa mkaguzi wa takwimu katika Kituo cha Joto la Bahari. Setilaiti zilipita juu mchana na usiku zikipima joto la uso wa bahari kwa kuutazama tu. Huku chini kulikuwa na maboya, meli, na watu wachache wenye ndoo, waliopima kwa kuyagusa maji yenyewe. Yeye aliwalinganisha waliotazama na waliogusa, akasema nani anaongopa. Kazi ilimkaa mwilini. Nyumbani alinusa maziwa, akasoma tarehe kwenye pakiti, kisha akayanusa tena.

Mezani pake palikuwa na ripoti iliyobaki kutiwa sahihi yake tu. Ilisema kwamba kwa siku hamsini na sita mfululizo, ramani ya Kituo na ndoo ya Chetlat zilikuwa zimetofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Ijumaa, wageni kutoka nchi sita wangeisikia ripoti hiyo na kuamua kama wataitumia ramani katika bahari zao. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi moja fupi: kwa kuwa setilaiti imethibitika, kipimo cha mkono cha Chetlat kifungwe kuanzia Agosti.

"Umeiona hii?" Mridula alimgeukia Jincy, mchora ramani, waliyekaa naye meza moja mwaka wa nne sasa.

"Nimeiona. Ramani si yangu hiyo?"

"Haiwezekani."

"Asante kwa pongezi."

"Jincy, sikiliza. Setilaiti inaona ngozi ya maji, nyembamba kuliko unywele. Ndoo inachota ya chini yake. Jua likiwaka, ngozi inapata moto. Upepo ukivuma, inapoa. Hawa lazima wabishane. Mume na mke siku hamsini na sita hawajagombana hata mara moja? Mmoja wao amekufa."

Jincy alicheka chai ikamtokea puani. "Wewe mama yako akikupa chai unaitilia shaka."

"Sukari ananidanganya. Anasema kijiko kimoja."

"Sasa marehemu nani hapo?"

"Marehemu ni ndoo. Huyu mama hachoti maji. Kila asubuhi tunampelekea ramani ya jana aibandike gatini. Anaitazama, anaongeza kidogo, anapunguza kidogo, anatuma. Bahari haibadiliki sana kwa siku moja. Nani atajua?"

"Wewe utajua," alisema Jincy, akijifuta. "Na usipojua utaota."

Mlango ulifunguliwa, Dakta Govindan Nambisan akaingiza kichwa. Alikuwa mkuu wa Kituo, mtu safi, mwenye mashati yasiyojua mkunjo, na mfumo mzima wa ramani aliusuka mwenyewe mwaka uliopita.

"Mridula. Wino umekuishia?"

"Bado nasoma, Dakta."

"Kurasa nne, siku tatu. Hata mwanangu wa darasa la pili angekuwa amemaliza. Kabla ya Ijumaa, tafadhali."

Akaondoka. Mridula alichukua simu akapiga Chetlat. Iliita sana, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikaja, na nyuma yake mvua.

"Gati hapa."

"Bi Kunhibi? Naitwa Mridula, napiga kutoka Kituo. Nina maswali mafupi kuhusu vipimo vyako."

"Miaka ishirini na mbili natuma namba, hakuna aliyewahi kuniuliza hata kama nimekula. Leo maswali. Haya, uliza, mwanangu."

"Unapimaje?"

"Natupa ndoo, navuta ndoo. Natia kipimajoto, nasimama kivulini, nahesabu dakika tatu, nasoma kikiwa bado ndani ya maji. Saa mbili asubuhi, mvua isinyeshe, inyeshe. Na wewe unapimaje?"

"Mimi sipimi. Nakagua waliopima."

"Aa. Basi wewe ndiye mama mkwe."

Mridula hakucheka. "Ramani tunayokutumia unaiangalia saa ngapi?"

Mvua ya Chetlat ilisikika vizuri sasa.

"Saa tatu, ikifika," Bi Kunhibi alisema polepole. "Naibandika. Wewe binti wa bara, hilo swali lina mkia. Mbona umelificha mkia?"

"Nauliza tu."

"Haya. Ukitaka kuuleta mkia wenyewe, simu unayo."

Simu ikakatwa. Mridula aliandika kwenye karatasi: *amekasirika mapema mno*. Mwenye kukasirika mapema, kwa uzoefu wake, ni yule aliyekuwa ameshajiandaa.

Usiku huo alikuwa amekwisha kukata shauri, na Jumanne asubuhi akalitekeleza. Alichukua ramani ya Jumatatu iliyokuwa inakwenda Chetlat, nakala hiyo moja tu, akaongeza joto la kile kipande cha bahari kwa sehemu saba za kumi za digrii. Pale palipostahili kusoma ishirini na nane nukta sita, pakasoma ishirini na tisa nukta tatu. Kanuni za Kituo zilikataza kabisa kutuma ramani iliyoguswa. Alilijua hilo na akabonyeza. Kama Bi Kunhibi anaiga, kipimo chake cha Jumatano kitapanda kuifuata ramani, na panya atakuwa ameuma chambo.

Jumatano saa tatu kipimo kilifika. Ishirini na nane nukta tano.

Mridula alikisoma mara mbili. Hakikupanda hata chembe. Badala ya kupumua, alihisi shaka ikiongezeka uzito kifuani. Aidha mama yule ni msafi, aidha ni mjanja kuliko alivyodhani, ameuona mtego akakanyaga pembeni yake.

Saa nne simu ikaita.

"Mama mkwe," ilisema sauti ya Chetlat, "setilaiti yenu ina homa?"

"Kwa nini?"

"Ramani ya jana mmeniletea maji ya kuogea mtoto. Ishirini na tisa na ushei, na mvua hii? Nimeibandua. Watu wangu wanasoma hapa kabla ya kwenda kwenye jodari, siwezi kuwabandikia uchafu."

Mridula alinyamaza. Hakuwa amewafikiria hao wasomaji wa gatini.

"Umenyamaza," alisema Bi Kunhibi. "Ni wewe uliyeitia homa."

"Ni mimi."

"Ulitaka uone kama naiga."

"Nilitaka."

Alingoja matusi. Yalikuja, lakini si mengi, na yalikuwa na ubunifu zaidi kuliko hasira. Aliitwa kidole kirefu, aliitwa binti aliyelelewa na kufuli. Kisha Bi Kunhibi akashusha pumzi.

"Sasa nikuulize na mimi. Miaka yote hii ndoo yangu na ramani yenu zilikuwa zinagombana kama mawifi. Leo yeye juu, kesho mimi juu. Nikazoea. Mwaka jana mkabadilisha mfumo, ghafla tumekuwa mapacha. Nikasema basi, Mungu amewapa setilaiti nzuri, wanastahili. Sivyo?"

"Setilaiti ni zile zile."

"Ehe! Basi wewe unasema mmoja kati yetu anaiga. Mimi najua si mimi. Tuko wawili tu hapa, mwanangu. Amebaki nani?"

Akakata. Huyu mama alikuwa na tabia ya kukata simu pale pale panapouma.

Mridula alikaa na lile swali mkononi. Miaka saba ya kushuku watu, maboya, manahodha wavivu, betri na chumvi. Kumbe hajawahi hata siku moja kuishuku nyumba anamofanyia kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, alimsikia bibi yake, naye nguo hizi alikuwa akizivaa kila siku na kuzipiga pasi.

Alhamisi alileta ndizi za kukaanga, akaziweka mbele ya Jincy.

"Unataka nini?" Jincy aliuliza kabla hajaonja.

"Mawingu ya mvua yakifunika bahari, setilaiti inaona nini?"

"Haioni kitu. Picha inakuja na matundu. Unajua hayo."

"Na ramani yako haina tundu hata moja."

"Kwa sababu mfumo unajaza."

"Unajaza na nini?"

Jincy aliacha kutafuna. "Na vipimo vya karibu. Chochote kilichopo jirani."

"Jirani ya Chetlat kuna nini?"

"Kuna boya."

"Boya lilikatika nanga mwezi wa tano. Liko ghalani, limejaa konokono. Mimi ndiye niliyesaini lilipopokelewa."

Jincy alitazama ndizi yake, kisha dirisha, kisha mlango wa mkuu. "Kanuni ya kujaza aliiandika Dakta mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nabonyeza tu. Kamuulize yeye."

Mridula alimuuliza. Alimkuta Dakta Nambisan akipanga majina ya wageni kwenye vibao vidogo, kila kibao sambamba na mwenzake.

"Dakta, pale Chetlat kwenye matundu, mfumo unajaza na nini?"

"Na hesabu nzuri."

"Na ndoo imo ndani ya hesabu hiyo?"

Mikono ilisimama juu ya vibao. Ilisimama kwa muda mfupi sana, lakini Mridula alikuwa analipwa kuona vitu vya muda mfupi sana.

"Kila mtu duniani anajaza, Mridula. Kujaza si kosa."

"Sikusema kosa. Nimeuliza kama ndoo imo."

"Mfumo una maelfu ya vipimo. Siwezi kukujibu kipimo kimoja kimoja kama muuza samaki. Saini kesho kabla ya saa nne."

Alirudi mezani pake akaomba ruhusa ya kufungua kanuni ya kujaza. Kompyuta ilimjibu kwamba hana kibali. Jana kibali alikuwa nacho.

Ijumaa saa tatu asubuhi ramani mpya, ya bahari ya Alhamisi, ilitoka. Mridula aliifungua akiwa bado ameshika mwavuli unaochuruzika. Kuzunguka Chetlat palikuwa na doa la buluu, baridi, la mviringo, kama mtu ameweka kidole cha barafu juu ya bahari. Ishirini na saba nukta mbili. Digrii moja na zaidi imeshuka kwa siku moja.

Alifungua kipimo cha Chetlat cha Alhamisi. Ishirini na saba nukta mbili.

Simu iliita kabla hajakaa.

"Umeiona?" Bi Kunhibi alikuwa anahema, kama aliyepanda ngazi za gati mbio. "Ramani yangu imefika sasa hivi. Ina doa la baridi. Na kwako lipo?"

"Lipo. Kumetokea nini huko? Mvua kubwa?"

"Hakujatokea kitu. Maji ni yale yale, unaweza kumuogeshea mzazi. Jana nilipima ishirini na nane nukta tano. Nikaandika kwenye daftari, nikamwita bwana forodha akaweka sahihi na muhuri, shahidi. Halafu, mwanangu, nikakutumia uongo."

Mridula aliketi taratibu.

"Miaka ishirini na mbili ndio uongo wangu wa kwanza," Bi Kunhibi aliendelea, na sauti yake haikuwa na majuto, ila fahari kidogo kama ya mtu aliyejaribu baiskeli uzeeni. "Nilishusha kidogo tu, mfumo wenu usije ukaukataa. Nikasema, kama setilaiti inayaona maji haya kwa macho yake, itasema huyu mama kachanganyikiwa. Haikusema. Imenifuata kama mbuzi anavyofuata jani. Picha ya daftari nimekutumia. Sasa niambie, nani anaiga?"

"Sisi."

"Haya. Sema tena, mvua ina kelele."

"Sisi, Bi Kunhibi! Sisi ndio tunaoiga!"

Watu wawili wa ofisi ya jirani walichungulia. Mridula hakuwajali. Yote yalikuwa mbele yake wazi kama mfupa wa samaki aliyeliwa. Mawingu yanafunika, setilaiti haioni, mfumo unachukua ndoo ya Bi Kunhibi na kuipaka juu ya tundu. Kisha wanachukua ramani hiyo, wanailinganisha na ndoo ile ile, na kushangilia kwamba zinafanana. Shahidi mmoja, aliyehesabiwa mara mbili. Na sasa kwa sababu ya ushahidi wake mwenyewe walitaka kumfukuza, na siku ambayo angefukuzwa tundu lingejazwa na kubahatisha tu, na hakuna mtu angejua.

"Nilikushuku," alisema. "Nilikushuku vibaya. Hilo nisamehe."

"Usingenishuku, hili lingejulikana lini? Nenda kafanye kazi yako, mama mkwe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Dakta Nambisan alikuwa ameshaonyesha ukurasa wa sehemu moja ya kumi, na wageni walikuwa wameshatikisa vichwa kukubali, Mridula aliposimama nyuma na kusema kwamba ripoti hiyo hakuisaini wala hataisaini. Alionyesha doa la buluu, kisha daftari la gati na muhuri wa forodha. Alieleza yote, pamoja na ramani aliyoitia homa mwenyewe, kwa sababu asingelisema yeye, lingesemwa na mwingine.

"Mvua imepoza maji," alisema Dakta, akitabasamu kwa wageni. "Ni jambo la kawaida msimu huu. Na karani aliyekiri kudanganya hawezi kuwa shahidi."

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi kutoka Colombo, aliinua kalamu. "Setilaiti yenyewe, kabla ya kujazwa, iliona joto gani hapo jana?"

Dakta alifungua mdomo. Aliyejibu alikuwa Jincy, pembeni, karibu na swichi za taa.

"Haikuona, mama. Mawingu. Katika siku hamsini na sita za ripoti, iliona Chetlat siku tano."

"Na siku hizo tano tofauti ilikuwa kiasi gani?"

"Nusu digrii. Siku moja, karibu digrii nzima. Mfumo ukazivuta hata hizo zifuate ndoo."

Yule mwanamke aliandika kitu kifupi, akalifunika jina lake kwa kukilaza kile kibao kifudifudi. Kabla ya chakula cha mchana wageni walikuwa wameamua: ulinganisho urudiwe kwa siku zisizo na mawingu peke yake, na kipimo cha Chetlat kisiguswe na mtu.

Saa nane Mridula aliitwa ofisini. Dakta Nambisan alikuwa amesimama. Shati lake lilikuwa na mkunjo mmoja, mgongoni, wa kiti.

"Kaa."

"Nitasimama."

"Umetuma ramani ya uongo nje ya Kituo. Unakataa?"

"Sikatai. Adhabu ya hilo iko kwenye kanuni, ukurasa wa kumi na mbili. Siku saba bila kazi. Nitakwenda."

"Umenivua nguo mbele ya nchi sita."

"Sikukuvua, Dakta. Nilisema hukuvaa."

Uso wa mkuu uliiva. Alisukuma karatasi mezani. Barua ilikuwa imechapwa tayari, mistari mitatu, na kila mstari ulikuwa na neno samahani. "Saini hapa. Kwa wageni na kwangu. Ukisaini, siku saba zile nitazisahau. Lilikuwa kosa la mfumo tu, kila mtu hukosea. Nilisahau kuwa ndoo imo."

Mridula alimtazama. Huenda alisahau kweli. Watu husahau. Lakini kibali cha Mridula cha kufungua kanuni ya kujaza kilifutwa Alhamisi jioni, na kusahau hakujui kufuta vibali. Vilikuwepo vituo vingine vitano vya kupimia katika orodha ya Kituo, vyote vimefanana na ramani vizuri mno, na siku saba za kukaa nyumbani zilikuwa nyingi kwa mtu mwenye kalamu na nakala za ripoti.

"Neno moja tu, Mridula. Hata usiandike. Litamke."

"Silitamki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Dakta. Niliyemkosea ni Bi Kunhibi, na hilo nimeshalimaliza naye kwa mdomo wangu. Wewe sikukukosea. Nilikushuku, na nilichelewa kukushuku. Sikuombi radhi. Leo siombi, nikirudi baada ya siku saba siombi, na hiyo barua mpe mwingine asaini."